Aibu Ndiyo Inayoharibu Uso wa Mwanaume

"Mwanaume hajipaki. Maji na sabuni, basi." Ndivyo tunavyoambiana vijiweni, na ndivyo baba wengi wanavyowakemea watoto wao wa kiume wakiwakuta wamesimama sana mbele ya kioo. Naipinga kauli hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni ya uongo: wanaume wanajipaka, tena vitu vikali kuliko vya dada zao. Pili, inaumiza: imeifanya ngozi kuwa jambo la aibu, na mwenye aibu haulizi. Anajipaka anachopewa, kimyakimya, mpaka uso uharibike.

Asiyeamini akae saluni ya kiume Jumamosi jioni, Dar es Salaam au Mombasa, atazame kinachofanyika. Kinyozi anapitisha mashine isiyo na kitana mpaka kidevu kinang'aa. Anachonga mstari wa ndevu kwenye ngozi kavu, kutoka chini kwenda juu, huku kidole gumba kikiivuta ngozi. Wengine humalizia kwa wembe. Inafuata spiriti, mteja anafumba macho na kuuma meno. Anakuja dada wa skrabu, anasugua kwa chengachenga mashavu yale yale yaliyotoka kukwanguliwa. Mwisho rangi nyeusi inapakwa pembeni mwa nywele na ndevu ili mstari uonekane. Katika muda mfupi huo uso wa mtu "asiyejipaka" umepakwa vitu vitatu, na hakuna aliyeuliza vimetengenezwa na nini. Rangi nyingi za aina hiyo zina kemikali iitwayo parafenilini-diamini, ambayo kwa baadhi ya watu huleta muwasho mkali, uvimbe wa uso na malengelenge.

Siku chache baadaye vinatoka vipele vya ndevu. Chanzo chake kinajulikana vizuri. Nywele zetu zimejipinda tangu kwenye shina. Zikikatwa chini kabisa, tena ngozi ikiwa imevutwa, ncha hubaki kali na hurudi ndani. Zinapoota upya hujikunja na kuichoma ngozi, nao mwili huzishambulia kama mwiba. Ndiyo maana tatizo hili huwaandama zaidi wanaume weusi. Kisogoni hali inaweza kuwa mbaya zaidi: vipele vinavyokwanguliwa na mashine kila wiki hugeuka manundu magumu, na nywele hazioti tena mahali hapo.

Dawa ya kwanza ya vipele hivyo haiuzwi dukani. Ni kuacha ndevu zibaki na urefu wa milimita moja hivi, kulainisha uso kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kunyoa, kufuata mwelekeo wa nywele na kutoivuta ngozi. Lakini nani wa kumwambia haya kijana aliyefundishwa kwamba kuuliza habari za uso ni udhaifu? Huenda kwenye dirisha la duka la dawa jioni, akiwa peke yake, na kwa sauti ya chini anaomba "dawa ya vipele." Mara nyingi hupewa kitubu kidogo cha krimu yenye steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Hizo ni dawa za hospitali, zenye kazi maalumu na muda maalumu. Ukipaka usoni, wiki ya kwanza utafurahi: vipele vinanywea, ngozi inang'aa, hata weupe kidogo unaingia. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, chunusi mpya zinatoka, na kila ukijaribu kuacha uso unawaka na kuvimba, nawe unakirudia kitubu. Wengine huangukia mkorogo wenye haidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo Tanzania, Kenya na Rwanda zimevipiga marufuku katika vipodozi. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa kibuluu mashavuni ambao ni vigumu mno kuuondoa. Zebaki hupenya mwilini na kuharibu figo. Wanaume wengi wanaobeba makovu haya hawakuwa wakitafuta urembo. Walitaka vipele viondoke, wakaona haya kumwona daktari.

Turudi kwenye hayo "maji na sabuni, basi." Wapo wanaojivunia kunawa uso kwa sabuni ya mche, ile ile ya kufulia. Ngozi ya mtu ina asidi kidogo: pH yake, kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, ni kama 5. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Sabuni kali huondoa mafuta ya asili yanayozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Ule mkakamao unaousikia baada ya kunawa, ambao wengi huudhani kuwa usafi, ni ngozi iliyovuliwa kinga yake. Maji hayana kosa. Mwislamu huosha uso kwa udhu mara kadhaa kwa siku na hadhuriki. Tatizo ni sabuni kali, na kuuacha uso mkavu baada yake.

Kisha kuna imani kwamba mtu mweusi hana shida na jua. Kweli, melanini, rangi ya asili ya ngozi, hutulinda, lakini si kwa kiwango tunachodhani. Wataalamu wameikadiria kinga ya ngozi nyeusi kuwa sawa na SPF (kipimo cha kinga ya jua) 13 hivi, dhidi ya 3 kwa ngozi nyeupe, wakati losheni inayopendekezwa ni ya SPF 30 au zaidi. Nasi tunaishi karibu na Ikweta: adhuhuri kipimo cha mionzi ya jua hufika 11 na kuzidi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupindukia. Nairobi, iliyo kwenye nyanda za juu, ubaridi humdanganya mtu, kumbe mionzi huongezeka kadiri unavyopanda. Dereva wa lori naye asijidhani yuko salama. Sehemu ya mionzi hiyo hupenya kioo cha dirisha. Kwa wengi wetu madhara yanayoonekana kwanza ni madoa. Kila alama iliyoachwa na kipele hukolezwa na jua, na madoa ambayo yangefifia kwa miezi hubaki kwa miaka.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, kinga ya jua ni suala la uhai, kwa sababu saratani ya ngozi huwawahi mapema. Pale hospitali ya KCMC, mjini Moshi, hutengenezwa losheni iitwayo KiliSun kwa ajili yao. Mwanaume mwenye ualbino anayechekwa kwa kujipaka losheni anachekwa kwa kulinda maisha yake. Hata mweusi wa kawaida asipuuze mwili wake. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, kwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Saratani hiyo haikuletwa na jua, ila inatufunza pa kutazama: kwa watu weusi aina hiyo hujificha kwenye nyayo, viganja na kucha, ambako wanaume wengi hatutazami kabisa.

Nitaambiwa babu zetu hawakuwa na mambo haya. Babu zetu walijipaka! Morani wa Kimaasai hujipaka mafuta na udongo mwekundu kichwani hadi mabegani, na sijasikia mtu akimwita legelege. Pwani, wanaume wamejipaka mafuta ya nazi vizazi kwa vizazi, na Ijumaa hawatoki bila marashi. Wazo kwamba uanaume ni kupauka hatukulirithi kwao.

Nitaambiwa pia kwamba huu ni mlango wa wafanyabiashara kutuuzia chupa kumi. Hapo nakubaliana kabisa na mwenye wasiwasi, na chupa kumi nazikataa. Ngozi ya mwanaume wa kawaida inataka mambo matatu. Asubuhi nawa kwa maji, au kwa sabuni laini isiyo na manukato makali. Uso ukiwa bado na unyevu, paka losheni nyepesi; mafuta ya mgando yanatosha kwa mikono, miguu na ngozi kavu, ingawa mwenye chunusi asiyapake usoni. Kabla ya kutoka, paka losheni ya kukinga jua, kiasi cha mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo, na ukishinda juani rudia kila baada ya saa mbili. Inayoacha weupe usoni ibadilishe, tafuta ya jeli isiyo na rangi. Usiku nawa jasho na vumbi, paka tena losheni. Muda wake haufiki dakika tano.

Vipele visivyoisha, doa linalokua au kubadilika rangi, kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja: hayo ni ya daktari wa ngozi. Krimu yenye steroidi usiipake usoni bila yeye kukuandikia.

Ndugu kinyozi, punguza kuchonga, safisha mashine kwa kila mteja, na mwenye vipele mwambie ukweli kwamba kipara cha kidevu hakimfai. Nawe baba, siku utakayomfundisha mwanao kushika wembe, mfundishe pia kunawa, kujipaka na kuuliza. Hatapungukiwa na uanaume wowote.