Leso Ina Jina, Mchoraji Hana

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Leo twataka kumtetea mnyonge mmoja ambaye kazi yake twaiona asubuhi na jioni, harusini na msibani, walakini mwenyewe hatumjui. Naye ni mchoraji wa leso.

Ukishuka kwenye feri hapo Likoni ukashika njia ya kusini, leso utazikuta kila hatua. Ukunda zimepangwa madukani jozi kwa jozi. Ufuoni Diani zimetundikwa kambani baina ya minazi, upepo wazipeperusha na wageni wazipapasa. Gazi na Msambweni utawaona mama zetu njiani, mmoja kajifunga leso, wa pili kambebea mtoto mgongoni, wa tatu kaisokota kuwa kata ya kuwekea ndoo. Na penye msiba, leso ndiyo stara.

Wengi wetu twaivaa tukadhani imejichora yenyewe. Leso ina urefu wa kadiri ya mita moja na nusu, na upana wa mita moja na kitu. Ndani ya kitambaa hicho mna sehemu tatu: pindo lizungukalo kingo zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno machache yaliyoandikwa upande wa chini wa mji. Kazi ya mchoraji ni kuzipatanisha tatu hizo. Pindo likizidi uzito, mji hufa. Mji ukijaa mno, jina halisomeki. Tena ni lazima akumbuke kwamba kazi yake haitatulia ukutani kama picha. Itakunjwa, itafungwa, itazunguka kiuno cha mtu atembeaye, na jina liangukie pale ambapo mpita njia ataweza kulisoma. Juu ya hayo, kila rangi huchapwa peke yake, kwa hiyo rangi zikiongezeka na gharama huongezeka. Mchoraji hupewa rangi mbili tatu tu, akaambiwa apambe. Naye hupamba. Litazame lile umbo la korosho ambalo halizeeki, ukumbuke ni leso ngapi limekwisha kukaa bila ya kuchosha macho.

Biashara hii ina tarikh ndefu hapa petu. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa Mombasa mwaka 1887, na mpaka leo leso zake zajulikana kwa chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla, iliyopigwa pamoja na nambari. Zamani majina ya leso yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ndipo baadaye zikaingia za Kirumi. Mimi niliyejifunza kuandika juu ya ubao chuoni, nakumbuka siku bibi yangu alipofungua sanduku lake akatoa leso kuukuu yenye herufi zile zile za mwalimu wangu. Nililisoma jina lake kwa wepesi kuliko nilivyosoma kitabu cha skuli. Nikamwuliza, "Bibi, mchoraji wake ni nani?" Akacheka. "Mimi nimeinunua dukani, mjukuu wangu. Nitamjuaje?"

Miaka ikapita, nami nikaja kuonja dawa hiyo. Mfanyabiashara mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, aliniomba jina la leso. Nikampa: "Kimya changu si kushindwa." Leso ikatoka, ikauzwa, nikawaona wanawake wameivaa hata kwenye karamu za watu nisiowajua. Ujira wangu ulikuwa jozi moja ya leso hiyo hiyo, ambayo mke wangu aliipokea kwa shukrani kuliko mimi. Sikulalamika sana, kwani nilitoa maneno manne tu. Lakini yule aliyelichora pindo na mji, aliyekesha akihesabu nukta, sikupata kumwona wala kulisikia jina lake.

Wasomaji watasema hayo ni mambo ya kale. Sivyo. Leo ukipita Ukunda utawaona vijana wengi wenye kipawa hiki. Aghalabu huanza na mkaa ukutani, wakagombezwa. Kisha hupewa kibao cha duka, au jina la mashua, au ubavu wa matatu. Mwenye bahati hupata kompyuta, akawa mchoraji wa alama za mahoteli, za vikundi vya wavuvi na za kadi za harusi. Safari hiyo ni ngumu, na kila kituo chake kina hasara moja: kazi hubaki, mtu hupotea. Kibao chajulikana kuwa ni cha hoteli, matatu ni ya mwenyewe, na leso ni mali ya fulani.

Kuna wasemao kwamba hii ndiyo desturi yetu, kwamba sanaa ya Mswahili ni ya umma na haina mwenyewe. Neno hili si kweli. Malenga wetu wa zamani walipofika tamati ya utenzi walijitaja majina yao, na pengine ya baba zao na miji yao, ili msomaji awajue na awaombee dua. Hawakuona kuwa ni majivuno. Waliona kuwa ni amana. Huko Tanzania, Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta akiwauzia wapita njia, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Sisi twavaa kazi za wachoraji pengine wasiopungukiwa na ustadi kuliko yeye, na hatuna hata mmoja wa kumtaja.

Sheria nayo haikumsahau mchoraji. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yailinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ni kweli kwamba mtu akiagizwa kazi, haki ya kuiuza humwendea aliyeagiza, isipokuwa wamepatana vingine. Walakini haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye mtungaji haihamishwi na mauzo hayo. Kadhalika Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka huo huo yamruhusu mtu kusajili umbo la bidhaa kwa miaka 5, na kulihuisha mara mbili, ikawa miaka 15. Milango iko wazi, wanaoijua njia ndio wachache.

Hatumlaumu mfanyabiashara kwa kuweka chapa yake. Yeye ndiye atoaye mtaji, na leso isiponunuliwa hasara ni yake. Nyingi ya leso zetu siku hizi huchapwa Uhindi, na gharama za safari si haba. Lakini pale pale penye chapa na nambari, kandokando ya pindo, pana nafasi ya jina lisilozidi urefu wa kidole. Halitaongeza rangi, wala halitapunguza mauzo. Mama wa Msambweni akijua kwamba leso aliyoipenda ni kazi ya fulani bin fulani wa Gazi, au binti fulani wa Diani, mara nyingine ataiuliza kwa jina hilo.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Wenye kuagiza leso waliandike jina la mchoraji juu ya kitambaa. Vijana wetu, kabla ya kuikabidhi kazi, waandikiane mapatano na mteja, hata kama ni karatasi moja, na jina lao liwemo. Na serikali ya kaunti ya Kwale, ambayo vyuo vya ufundi viko chini ya mikono yake, ilifanye somo la pindo, mji na jina kuwa sehemu ya mafunzo ya uchoraji, pamoja na somo la haki za msanii, ili kijana asijifunze kuchora tu akaachwa mjinga wa haki yake.

Bibi yangu amekwisha kutangulia mbele ya haki, na leso ile imechakaa ikafanywa vitambaa vya watoto. Swali nililomwuliza halijapata jawabu, wala sidhani litapata. Lakini yuko mjukuu mwingine, Kinondo au Tiwi, atakayefungua sanduku miaka 40 ijayo akamwuliza bibi yake swali hilo hilo. Huyo twaweza kumwandikia jawabu tangu leo.