Ua wa Nyumba Nao ni Darasa la Imani

Masika yanapoingia katika mkoa wetu wa Tanga, hutendeka jambo ambalo halitangazwi redioni wala haliandikwi katika kumbukumbu za kikao chochote. Ardhi iliyokuwa ngumu kama kigae hulainika, na baada ya mvua mbili tatu, mbegu zilizotupwa pamoja na maganda ya jikoni huchipua zenyewe nyuma ya nyumba. Hapa mpapai, pale boga, na kando ya karo mche wa mnyanya ambao hakuna aliyeupanda. Watu wengi huupita muujiza huo asubuhi wakiwa na haraka ya kwenda kazini, kisha jioni huenda kusikiliza mawaidha juu ya uwezo wa Mwenyezi Mungu.

Leo tunapenda kusema neno juu ya jambo hilo, kwani ni kubwa kuliko linavyoonekana. Maoni yetu ni haya: bustani ndogo ya nyumbani, hata ikiwa ya hatua tano kwa tano, ni mahali ambapo imani ya mtu hupata macho. Na bustani hiyo inatoweka mbele yetu, si kwa sababu ya ukame, bali kwa sababu ya saruji na malezi ya siku hizi.

Tuuchukue mpapai, mti wa kila uani. Mbegu yake ni nyeusi, kiasi cha punje ya pilipili manga. Ukiitia ardhini, mara nyingi mwaka hautimii kabla haijawa mti unaokupita kimo na wenye matunda. Lakini mkulima mzoefu hupanda miche mitatu au minne katika shimo moja, maana ipo mipapai dume na mipapai jike, na kwa macho matupu hakuna awezaye kuitofautisha mpaka itoe maua. Mzee aliyelima miaka hamsini na kijana mwenye shahada ya kilimo, wote wawili husimama mbele ya mche huo wakangoja. Kungoja huko ni mwanzo wa unyenyekevu, na unyenyekevu ni mlango wa ibada.

Ng'oa kwa uangalifu shina la kunde au la choroko, utaona mizizini vinundu vidogo kama shanga. Ndani ya vinundu hivyo wanaishi bakteria wasioonekana kwa macho, nao huichukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa bakteria hao sukari iliyotengenezwa na majani kwa nguvu za jua. Ushirika huo ulianza kabla ya vyama vyote vya ushirika tunavyovijua, na haujapata kusikika una mweka hazina aliyetoroka na fedha za wanachama.

Au tulitazame ua la boga. Hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri hufumba. Katika shina moja yapo maua dume na maua jike, na asipopita nyuki kuichukua chavua ya hili na kuifikisha kwa lile, hapana boga. Nyuki huyo akigundua penye maua mengi hurudi mzingani akacheza mbele ya wenzake, na kwa mchezo ule huwajulisha umbali wa mahali penyewe na upande wa kuelekea kwa kulinganisha na jua. Mtaalamu Karl von Frisch wa Austria, aliyeifanyia uchunguzi wa miaka mingi lugha hiyo ya nyuki, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili. Bwana mkubwa wa elimu alipata heshima ya dunia nzima kwa kumtazama vizuri mdudu ambaye sisi humfukuza kwa moshi.

Wako wasemao kwamba kustaajabu ni kazi ya asiyejua, na kwamba elimu ikiingia, maajabu hutoka. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Mtu asiyejua habari za vinundu vya kunde huona jani na punje, basi. Aliyejua huona jani, punje, na chini ya ardhi ona kiwanda kizima kisicho na moshi wala kelele. Ni yupi kati yao mwenye sababu kubwa zaidi ya kusema Subhanallah? Elimu haijamnyang'anya muumini kitu. Imemwongezea vya kushukuria. Aliyekoma kustaajabu si yule aliyejifunza mno, bali ni yule aliyeacha kutazama.

Sisi tuliokaa juu ya mkeka wa chuo tukasoma juzuu kwa sauti, kisha tukakaa juu ya dawati la shule ya serikali tukachora mchoro wa ua na sehemu zake, hatukuwahi kuambiwa kwamba masomo yale mawili yalikuwa yakizungumzia kitu kimoja. Hata hivyo dalili zilikuwapo. Sura ya 16 ya Kurani inaitwa kwa jina la nyuki. Ya 27 inaitwa kwa jina la chungu, na ya 29 kwa jina la buibui. Ipo sura yenye jina la tini. Hizo si habari za pembeni. Ni majina ya milango tunayoingilia. Mafundisho ya Mtume nayo yanatujulisha kwamba mtu akipanda mti, kila kiliwacho katika mti ule, akila mwanadamu, ndege au mnyama, huandikwa kuwa ni sadaka yake. Kwa ndugu zetu Wakristo mambo ni yayo hayo: Injili imechukua punje ya haradali na maua ya kondeni kuwafundisha watu yale ambayo hotuba ndefu zisingeweza. Kwa hiyo hatumwiti mtu kwenye dini mpya. Tunamwita atoke nje ya mlango wa nyuma, akaangalie yale ambayo kitabu chake kimemwelekeza ayaangalie.

Sisi watu wa Tanga hatuna udhuru katika jambo hili. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani aliyekuwa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao Ujerumani ua dogo la rangi ya zambarau, lenye majani ya manyoya, linaloota penye kivuli katika mawe yenye unyevu. Mwaka uliofuata wataalamu wa kwao walilipa jina lake, wakaliita Saintpaulia. Tangu hapo ua la Usambara limeenea duniani. Huko Ulaya na Marekani limo katika vyungu madirishani, na wapo watu wanaolipenda hata wameunda vyama kwa ajili yake. Lakini ukiuliza katika mitaa ya mji wetu, ni wangapi wanaolijua? Na milimani kwenyewe, aina zake kadhaa zimo hatarini kwa sababu misitu iliyoyatia kivuli mawe yale imekatwa. Pale Amani, Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, na leo wageni hutoka mbali kuja kuyatazama maua na ndege katika msitu wake. Mgeni hupanda ndege na basi kulifuata ua ambalo mwenyeji hulikanyaga.

Yapo mengine yanayotufundisha thamani ya jicho la mtoto aliyelelewa bustanini. Mmea wa vanila, ambao siku hizi unalimwa na wakulima wetu wa Kagera, asili yake ni Meksiko. Ulipopelekwa kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi ulistawi na kuchanua, lakini haukuzaa kwa kuwa wadudu wa kwao hawakuwapo. Wataalamu walihangaika. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alitumia kijiti chembamba na kidole gumba kuiunganisha chavua na sehemu ya kike ya ua. Ua likazaa. Njia yake ndiyo inayotumika mpaka leo, vanila ya dunia karibu yote huzalishwa kwa mkono namna ile ile. Mtoto yule hakuwa na shule. Alikuwa na bustani, na alikuwa na mazoea ya kuyatazama maua kwa makini. Mali nyingi ilitokana na jicho lake, naye mwenyewe akafa maskini mwaka 1880. Dhuluma hiyo haisahauliki, lakini fundisho lake nalo lisisahaulike.

Sasa tujiulize tunawalea vipi watoto wetu wenyewe. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe na shamba ili kazi na masomo vishikane. Nia ile ilikuwa njema. Lakini katika shule nyingi jembe liligeuka kuwa fimbo. Mtoto akichelewa, akalime. Akikosa hesabu, akalime. Akipiga kelele, akapalilie. Wale wenye tabia njema na alama nzuri hubaki kivulini wakisoma. Baada ya miaka saba ya mafunzo hayo, tunashangaa kijana anapoiona ardhi kuwa ni jela! Hapana mtu awezaye kuustaajabia mmea alioshurutishwa kuupalilia kwa kosa la kupiga kelele. Jembe tulilolipamba katika bendera ya Chama pamoja na nyundo, kwa heshima ya mkulima na mfanyakazi, haifai kulifanya bakora ya watoto.

Nyumbani nako mambo si mazuri zaidi. Mtu akipata fedha kidogo, jambo la kwanza ni kuufunika ua wote kwa saruji au vigae, kuanzia ukutani hadi ukutani, ili paitwe pasafi. Mwasumini uliokuwa ukinukia magharibi umekatwa, mrehani wa kikuba sasa unanunuliwa sokoni, na mti walimojenga minana umeangushwa kwa kuwa majani yake yanachafua. Mchana ua ule unawaka joto kama kikaango. Mvua ikinyesha, maji yanakosa pa kuingia, yanakimbilia kwa jirani na barabarani, kisha tunalaumu mafuriko. Hasara hizo zinahesabika. Isiyohesabika ni ile ya mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo, ambaye hajapata kugusa kifauwongo akakiona kinakunja majani yake, wala hajapata kumwona mnana dume akifuma kiota, jike akaja kukikagua na kukikataa, na dume akaanza kufuma kingine. Lugha yetu imeyapa neno moja, ua, kiwanja cha nyumba na lile linalochanua mtini. Tusiifanye lugha hiyo iwe ya uongo.

Hatuombi kampeni. Kampeni za miti tumeziona za kutosha. Kiongozi hufika, mche hutiwa shimoni, picha hupigwa, makofi hupigwa, na kabla ya mwezi kwisha mbuzi humaliza kilichobaki. Agizo la serikali laweza kuotesha mche, lakini haliwezi kuotesha mapenzi. Azimio la Siasa ni Kilimo la mwaka 1972 lilifanikiwa pale ambapo viongozi wenyewe walishika mpini, na lilikwama pale waliposhika kipaza sauti peke yake. Mwalimu mwenyewe, baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, alirejea Butiama akalima. Mfano huo unatosha kuliko waraka.

Kuna watakaosema hawana nafasi, na wengine watakaosema hawana maji. Hoja hizo tunaziheshimu, maana maisha ya chumba kimoja cha kupanga tunayajua. Lakini mchicha hukubali gunia, mchaichai hukubali debe bovu, na mrehani hutosheka na kopo dirishani. Na kuhusu maji, wazee wetu walishalimaliza neno hilo: walipanda mgomba mahali yanapotokea maji ya bafuni, nao ukazaa bila kuomba ndoo hata moja. Maji ya udhu yaliyomtakasa mja yaweza vilevile kumnywesha mnazi mchanga. Hakuna kiumbe anayedhulumiwa kwa jambo hilo.

Kwa hiyo mwito wetu ni mwepesi, na kila mmoja aweza kuutekeleza pasipo kungoja kikao. Anayejenga aache sehemu ya ua wake bila saruji, hata upana wa mkeka mmoja. Walimu wa shule wabuni adhabu nyingine, na kitalu cha shule wapewe wanafunzi waliofanya vizuri, kiwe zawadi. Walimu wa chuo na wa katekisimu wawatoe watoto nje mara moja kwa juma, na somo la uumbaji lisomwe mbele ya kiumbe chenyewe. Na kila mzazi ampe mtoto wake mmea mmoja uwe wake, aumwagilie mwenyewe, na ukinyauka asichapwe, bali asaidiwe kutafuta sababu.

Imani iliyofundishwa kwa masikio pekee huyumba inapokutana na maneno matamu zaidi. Mtoto aliyepanda mbegu akaiona inapasua ardhi kwa shingo laini kuliko uzi, huyo ameona kwa macho yake, na aliyeona hasimuliwi. Tumpe nafasi ya kuona kabla ule mkeka mmoja wa udongo haujafunikwa.