Wananchi Walisema Basi, Askari Wakaongezwa

Wadau, kuna hoja moja huwa inarudi kila vita ya wakubwa inapotajwa: eti kwenye nchi ya demokrasia wananchi wakishachoka na vita, vita inaisha. Mimi hiyo siinunui, na ushahidi wangu ni Marekani kule Iraq.

Twende taratibu. Oktoba 2002 Kongresi ilimpa Rais George W. Bush ruhusa ya kwenda vitani: Baraza la Wawakilishi kura 296 kwa 133, Seneti 77 kwa 23. Machi 2003 wakaingia. Zile silaha za maangamizi zilizotajwa kama sababu hazikuonekana, na kufikia katikati ya 2005 kura za maoni zilikuwa zimeshageuka.

Agosti mwaka huo mama mmoja, Cindy Sheehan, akapiga kambi kando ya barabara kule Crawford, Texas, karibu na shamba la Bush. Mwanae Casey aliuawa Baghdad Aprili 2004. Alichotaka ni rais atoke amwambie kijana wake alikufa kwa ajili ya nini. Bush aliwahi kukutana naye mara moja 2004, safari hii akawatuma wasaidizi wake. Lakini msidhani wafiwa wote walikuwa upande wa huyu mama. Kuna wazazi walifika pale na kung'oa misalaba yenye majina ya watoto wao, kwa sababu hawakutaka marehemu wao atumike kupinga vita aliyoiamini. Hapo ndipo ninapowashangaa wanaosema ule ulikuwa ugomvi wa vyama tu. Msiba ni uleule, majibu mawili.

Novemba 2005 likaja pigo jingine. John Murtha, mbunge wa Democratic kutoka Pennsylvania, mzee wa Marine aliyepigana Vietnam na aliyeipigia vita hii kura ya ndiyo, akasema vijana warudi. Kesho yake mbunge mmoja wa Republican akasimama na kuleta salamu kwamba waoga ndio hukimbia, Marine hawakimbii kamwe. Ukumbi ukachafuka, akalazimika kufuta kauli. Usiku huohuo Republican wakaleta azimio fupi la kuondoka mara moja, mtego mtupu. Likaangushwa kura 403 kwa 3. Murtha mwenyewe alilikataa! Hakuna aliyetaka kurudi jimboni akiitwa msaliti wa askari.

Novemba 2006 wananchi wakasema kwa sanduku. Democratic wakashika mabaraza yote mawili, na Donald Rumsfeld, waziri wa ulinzi, akang'oka siku ya pili yake. Mtu ungesema basi, imeisha. Wapi! Januari 2007 Bush akatangaza askari zaidi ya 20,000 wa nyongeza. Kongresi ikapitisha muswada wa fedha wenye ratiba ya kuondoka, yeye Mei 1 akautupa kwa kura ya turufu. Wapinzani hawakuwa na theluthi mbili za kumshinda, na kabla mwezi haujaisha wakampa fedha bila ratiba. Mwaka 2007 ndio uliokuja kuua askari wengi wa Marekani kuliko mwaka mwingine wowote wa vita ile.

Kwa nini waliogopa? Hela, bwana. Katiba inawapa wabunge mfuko, lakini ukifunga mfuko unaambiwa umemnyima askari risasi akiwa porini. Halafu hakukuwa na kulazimishwa kwenda jeshini kama enzi za Vietnam. Waliokwenda ni wa kujitolea, na pengo likazibwa na makampuni binafsi. Majirani zetu Waganda walikwenda kwa maelfu kulinda mageti ya kambi, kwa mshahara ambao Mmarekani asingeugusa. Familia nyingi za Marekani ziliipinga vita zikiwa sebuleni, hazikuwa na mtu kule.

Tuwe wakweli, watetezi wa nyongeza nao wana la kusema: kufikia 2008 mauaji yalipungua sana. Ila si askari peke yao. Makabila ya Kisunni yaligeuka dhidi ya al-Qaeda na kulipwa na Wamarekani, Moqtada al-Sadr akasimamisha mapigano Agosti 2007, na mitaa mingi ya Baghdad ilikuwa imeshahamwa na upande mmoja. Ukinigawia sifa, sehemu kubwa naipeleka huko.

Na wenye nchi je? Mei 2007 zaidi ya nusu ya wabunge wa Iraq walitia saini kudai ratiba ya wageni kuondoka. Washington ikaendelea kubishana yenyewe kwa yenyewe. Mwishowe ni serikali ya Nouri al-Maliki iliyokomalia tarehe, na Bush yuleyule aliyekataa ratiba ya wabunge wake ndiye aliyesaini mkataba Baghdad Desemba 2008: mwisho, Desemba 31, 2011. Obama alikuja kuutekeleza tu. Kufikia hapo karibu Wamarekani 4,500 na Wairaqi zaidi ya laki moja walikuwa wameshakufa.

Haya wadau, anayebisha alete hoja.