Na sufuria za ugali je?
Ndugu mwandishi, hesabu yako ya lita 10 hadi 15 kwa mzunguko wa mashine ya kuosha vyombo ni sahihi ukilinganisha na bomba linaloachwa wazi. Huku Tabora, hata baada ya maji ya Ziwa Victoria kuongezea yale ya bwawa la Igombe, wengi tunaosha kwa mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuzia. Ndoo moja ya lita 20 inatosha. Na kaka uliyesema mashine haichagui chombo, hapana: sabuni yake kali hufubaza sufuria za alumini, mwiko wa mti hupasuka, na ukoko wa ugali utauloweka mwenyewe kwanza. Muda uliookolewa uko wapi? Umeme nao, takriban uniti nzima ya LUKU kila mzunguko. Mwenye hoteli anunue. Familia ya huku Isevya, Tabora, inunue tangi la maji kwanza.