Usilipie alaimenti kabla gari halijapigwa jeki

Ndugu zangu, najua mtaniuliza afisa ugani na magari wapi na wapi. Nimefika huku kwa sababu ya machungwa. Tunahangaika na dawa, na palizi, na bei ya shambani Muheza, halafu faida yote inaliwa na matairi mawili ya mbele ya Kirikuu.

Tabia yetu ni hii: tairi likiliwa upande mmoja, mbio kwenye alaimenti. Fundi anafunga vipimo, anakaza, anapokea hela. Gari halijainuliwa hata kidogo! Mimi na shemeji yangu tulilipa hivyo mara mbili. Boljointi ilikuwa imekwisha tangu siku ya kwanza.

Alaimenti inapima pembe za matairi gari likiwa limesimama. Kiungo kikiwa kimelegea, shimo la kwanza tu barabarani linahamisha kile ulicholipia. Kwa hiyo anayekupimia bila kukagua anakuuzia namba za dakika kumi.

Fanyeni hivi nyumbani. Shusheni mzigo. Pimeni upepo asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tazameni kama gari limelala upande mmoja. Hapo springi imechoka au imekatika. Kisha wekeni kigingi matairi ya nyuma, pigeni jeki mbele, na chini ya gari wekeni stendi (jeki peke yake haiaminiki). Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha, shuku beringi, ukibaki, shuku boljointi. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza huko tu, tazama tairodi na viungo vya usukani. Kilicholegea kibadilishwe kwanza, alaimenti ifuate.

Fundi mmoja alinijibu kwamba wateja wenyewe hawataki kusubiri. Hapo ametushika, ni kweli. Lakini anayeshusha kabichi kutoka Soni kwenda Mombo, kona juu ya kona, gari limejaa, boljointi ikichomoka tairi linalala na usukani haufanyi kazi tena. Hapo hatuzungumzii tairi lililoliwa.

Ukifika gereji, mwambie fundi apige jeki mbele ya macho yako kabla ya kufunga vipimo. Akisema hana muda, chukua ufunguo wako uondoke.