CHUNGU CHA KASULU KISINGOJE MELI

VITA vina njia mbili za kuingia jikoni kwa mwananchi. Vita vya jirani huingia kwa miguu: watu hukimbia makwao, huvuka mpaka na watoto mgongoni, na jioni hiyo hiyo huhitaji kuni za kuinjika chungu. Vita vya mbali huingia kwa bei: bandari hufungwa, meli huchelewa, na bidhaa iliyokuwa ikipatikana dukani jana leo haishikiki. Nyanda za juu za Kigoma, na hasa wilaya za Kasulu na Kibondo, zimezijua njia zote mbili. Kwa sababu hiyo, wakati huu ambapo taifa linahama kutoka kwenye kuni na mkaa, wilaya hizo zina haki ya kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: nishati mpya inatoka wapi, na nani anaweza kuikata?

Habari za vita vya jirani zinajulikana. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu ya Warundi waliingia Kigoma. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kuwapokea Wakongo waliokimbia vita vya mashariki ya nchi yao. Machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yalileta wimbi jingine, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena. Tanzania iliwapokea wageni hao kwa utu, na heshima hiyo haitafutika. Lakini kila kaya iliyopokewa ilipika, na ilipika kwa kuni. Miti ikarudi nyuma mwaka hadi mwaka, na mwendo wa kuitafuta ukarefuka kwa mwenyeji na mgeni sawasawa. Tangu miaka ya 1990 taarifa za watetezi wa haki za binadamu zimeeleza jinsi wanawake walivyoshambuliwa porini walikokwenda kutafuta mzigo wa kuni. Katika uhaba kama huo kuni ni jambo la usalama wa mtu, na zaidi ya hapo huwa chanzo cha ugomvi kati ya kambi na kijiji.

Vita vya mbali navyo vina historia yake. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilifanya bei ya mafuta ghafi ipande karibu mara nne katika miezi michache, na Tanzania ikapigwa na bei hiyo wakati ule ule ilipopigwa na ukame. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, taifa lililazimika kupigana huku mapinduzi ya Iran yakipandisha tena bei ya mafuta hayo hayo yaliyoendesha malori ya jeshi. Wenye umri mkubwa wanakumbuka yaliyofuata: foleni za vituo vya mafuta, na marufuku ya kuendesha magari ya binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana. Mwezi Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, somo lilirudiwa. Tanzania haikuwa na ugomvi na yeyote katika vita hivyo, lakini kuanzia Juni 2022 Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali ya bei ya mafuta. Fedha hizo zingeweza kujenga madarasa na zahanati.

Kasulu na Kibondo zilikuwa na sababu ya pekee ya kulisikia pigo hilo. Kwa miaka mingi umeme wa wilaya hizo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Dizeli hiyo ilinunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, ikashushwa bandarini, kisha ikasafirishwa zaidi ya kilometa 1,000 hadi kufika Buha, ili mwalimu apate taa ya kusahihishia madaftari. Hali hiyo ilibadilika mwezi Oktoba 2022, wakati Kakonko, Kibondo na Kasulu zilipounganishwa na gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi na majenereta yakazimwa. Wengi walifurahia mwanga usiokatika kila jioni. Ni wachache waliotambua kuwa siku hiyo wilaya hizo zilijitoa pia katika utumwa wa bei ya dizeli.

Ushindi huo wa umeme sasa unatakiwa ulindwe jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unalenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Agizo hilo ni la haki. Moshi wa jikoni unaua, na wanaokufa zaidi ni mama na watoto walio karibu na moto. Msitu unaokatwa leo haurudi kesho. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka kuirudisha nyuma safari hiyo.

Lakini katika utekelezaji, watu wengi wamelisikia neno "nishati safi" wakaelewa neno moja tu: mtungi. Wakala wa Nishati Vijijini umesambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei, na familia nyingi zimeonja kwa mara ya kwanza raha ya kupika bila machozi. Hapo ndipo uangalifu unapotakiwa, kwa sababu ya jambo moja ambalo halielezwi vya kutosha.

Mwananchi anayesikia kwamba Tanzania ina gesi nyingi hudhani kuwa gesi iliyomo katika mtungi wake imetoka Songo Songo au Mnazi Bay. Sivyo. Gesi asilia iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 karibu yote ni methani. Methani haigeuki kuwa maji kwa kushindiliwa tu kwenye mtungi wa nyumbani. Mpaka ipozwe kufikia nyuzi 160 hivi chini ya sifuri. Ndiyo maana husafirishwa kwa bomba, na bomba linaishia Dar es Salaam, ambako gesi hiyo huendesha mitambo ya umeme na viwanda. Gesi ya mtungi ni nyingine kabisa. Ni propani na butani, ambazo hupatikana hasa katika usafishaji wa mafuta ghafi na uchakataji wa gesi nzito. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kiliacha kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Gesi ya mtungi inayotumika nchini, basi, huja kwa meli na kushushwa Dar es Salaam na Tanga.

Kwa hiyo mama wa Kibondo anayebadilisha kuni kwa mtungi peke yake ameukimbia moshi, lakini amerudi katika njia ile ile ya dizeli: ng'ambo, meli, bandari, lori, mlima. Ghuba ya Uajemi ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya gesi hiyo duniani. Mwaka 2024 karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani ilipita katika Mlango-Bahari wa Hormuz. Israel na Iran zilipopigana kwa siku 12 mwezi Juni 2025, bei ya mafuta iliruka kabla hata meli moja haijazuiwa. Mama wa Kibondo hakuulizwa kuhusu vita hivyo. Na mtungi wa ruzuku una faida pale tu unapoweza kujazwa tena. Mtungi mtupu haupiki.

Udhaifu huu si wa nchi maskini peke yake. Kabla ya mwaka 2022 Ujerumani, yenye viwanda vikubwa kuliko nchi yoyote ya Ulaya, ilikuwa ikinunua zaidi ya nusu ya gesi yake kutoka Urusi kwa sababu ilikuwa rahisi. Vita vilipoanza, urahisi huo uligeuka kitanzi. Ilibidi nchi za Umoja wa Ulaya zikubaliane, mwezi Julai 2022, kupunguza matumizi ya gesi kwa asilimia 15, na Ujerumani ikajenga kwa haraka gati la kupokelea gesi kutoka baharini. Matajiri hao waliweza kununua njia ya kutokea. Halmashauri ya wilaya haiwezi.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Nishati ya Kasulu na Kibondo nayo inahitaji mafiga matatu.

Figa la kwanza ni umeme, kwa kuwa ndio ulio wa nchi. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Mkoani Kigoma kwenyewe upo mradi wa Malagarasi, megawati 49.5, katika maporomoko ya Igamba, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinishia mkopo mwaka 2020. Maji ya Malagarasi hayahitaji kupita Hormuz. Jiko la umeme la presha huivisha chungu cha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja. Kikwazo kikubwa kimekuwa bei. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Akivuka mpaka huo na kuhamishwa daraja, alitozwa shilingi 292. Utaratibu wa namna hiyo humlinda mwenye kuwasha taa, lakini humwadhibu anayeanza kupika. Wenye dhamana ya bei za umeme hawana budi kuliangalia jambo hili. Haifai Serikali imwambie mwananchi apike kwa umeme kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili imtoze kwa kutii.

Figa la pili ni vile vilivyo karibu. Shule ya bweni yenye mamia ya wanafunzi ina vyoo na mabaki ya chakula, na penye mifugo pana samadi. Vyote hivyo hutoa biogesi. Elimu hiyo si ngeni: kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimejenga mitambo ya namna hiyo kwa miongo mingi. Mabaki ya mazao yanaweza kushindiliwa kuwa makaa. Na kwa kuwa kuni hazitatoweka kwa siku moja, jiko banifu na shamba la miti ya shule ni wajibu mpaka siku hiyo itakapofika.

Figa la tatu ni hiyo gesi ya mtungi. Isikataliwe. Umeme utakapokatika, mtungi utaokoa mlo wa wagonjwa wodini. Lakini iwe figa, isiwe jiko zima. Taifa liwe na akiba yake ya kutosha kwa miezi ya misukosuko, na wilaya za mbali kama Kibondo zisiwe za mwisho kufikiwa pale bidhaa inapopungua.

Watasema wengine kwamba umeme wa vijijini hukatika, na kwamba majiko ya umeme ni ghali. Hoja zote mbili ni za kweli. Lakini gharama ya jiko hulipwa mara moja, ilhali gharama ya kutegemea meli hulipwa kila mwezi, tena kwa bei inayopangwa na watu wasioijua Kasulu iko wapi. Na umeme unaokatika unaweza kudaiwa kwa Meneja wa wilaya. Vita vya Ghuba havina meneja wa kumpelekea malalamiko.

Kazi hii inawahusu kwanza watumishi wa umma na walimu, kwa sababu majiko makubwa ya wilaya hizi yako mikononi mwao: shuleni, vyuoni, hospitalini na magerezani. Afisa anayeandika zabuni ya kubadilisha jiko la taasisi aeleze nishati itakayotumika ikiwa gesi itakosekana kwa miezi miwili. Mkuu wa shule afungue daftari la nishati kama alivyo na daftari la chakula, lionyeshe kuni, gesi na uniti za umeme zilizotumika kila mwezi. Mwalimu wa hisabati awape wanafunzi daftari hilo wapige hesabu. Watajifunza asilimia na uchumi wa taifa kwa pamoja. Na mpishi aagizwe kuloweka maharage usiku kucha. Maharage ndiyo chakula na biashara ya Buha, na yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi, kwa moto wa aina yoyote. Hatua hiyo haihitaji mfadhili.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya juu ya kujenga maendeleo kwa kutegemea fedha za wengine. Onyo hilo linafaa kwa nishati pia. Kujitegemea hakuna maana ya kutonunua chochote kwa jirani. Maana yake ni kwamba jirani akifunga duka, nyumba isilale njaa.

Vita vitatokea tena mahali fulani. Hilo halimo katika uwezo wa Kasulu wala Kibondo kulizuia. Lililomo katika uwezo wao ni kuhakikisha kwamba siku hiyo kengele ya chakula cha mchana italia shuleni kwa saa yake, na watoto watakuta maharage yameiva.