Povu la Siki Halioshi Oveni, Linawaosha Macho Tu

Wasee, leo nimechemka kidogo, mnivumilie.

Zile video mnazijua. Msee anamwaga bikabonati ya soda kwenye oveni chafu, anamiminia siki juu, povu linapanda, muziki unagonga, halafu kata! Oveni inang'aa kama imetoka dukani jana. Kwa maoni ni "wueh, najaribu leo". Hakuna hata mmoja anayeuliza nini kilifanyika kati ya povu na kung'aa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sijidai profesa. Lakini hii ni kemia ya fomu wani. Siki ni asidi. Bikabonati ni besi. Ukizichanganya zinamalizana. Lile povu ni kaboni dioksaidi, gesi ile ile iliyo kwa soda unayokunywa stejini Voi ukingoja matatu ya Wundanyi ijae. Ikishatoka, kilichobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Yaani umechukua vitu viwili vinavyofanya kazi ukatengeneza kimoja kisichofanya, na vyote umevilipia.

"Lakini kwangu ilitoa uchafu!" Sawa, kwa sababu ulisugua dakika 40. Sifu mkono wako.

Uchafu wa oveni ni mafuta yaliyoungua yakashikana na chuma kama vanishi. Mafuta yanataka besi na muda. Besi inayageuza kuwa kitu kama sabuni, ndiyo maana yanaachilia. Kwa hivyo ukiwa na bikabonati, koroga na maji kidogo iwe uji mzito, paka kuta za ndani oveni ikiwa imepoa na umezima gesi na stima, ulale. Asubuhi futa kwa kitambaa cha maji moto. Hakuna povu, hakuna muziki, ndiyo maana hakuna anayeirekodi. Siki iwekee birika, pale chini palipoganda ukoko mweupe wa maji. Hapo ndipo kazi yake.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba tunafundishwa haya na jikoni za ng'ambo ilhali kwetu yalijulikana. Nyanya yangu hajawahi kumiliki oveni, lakini sufuria zake alizisugua kwa majivu ya kuni, na majivu ni besi. Magadi mnayotilia maharagwe yaive haraka ni besi kali kuliko bikabonati ya keki. Yametoka Ziwa Magadi, na kwa miongo mingi mabehewa yake yamepita hapa hapa Voi kwa reli ya zamani yakielekea Mombasa. Treni ya dawa ya mafuta inapita mlangoni, sisi tunangoja mzungu wa TikTok atuambie tununue siki. (Magadi usiyaache kwenye trei za aluminiamu, yanazichubua na kuzififisha. Na stilwaya usiingize ndani ya oveni. Ile rangi laini ya kuta ni enameli, ni kama kioo, ukiikwaruza kutu inapata mlango.)

Sasa tuingie kwa ile sehemu iliyonifanya niandike. Povu likishindwa, watu hutafuta kitu kikali. Mwezi uliopita kuna jamaa alinitafuta inboksi, anataka kunilipa nimpigie debe "dawa ya oveni". Imewekwa kwa chupa ya soda. Haina lebo, haina alama ya KEBS. Nikamuuliza ndani kuna nini, akaniambia "ni siri ya biashara". Nilimkataa, na pesa nilikuwa naihitaji, usinione hivi. Dawa kali za oveni kwa kawaida ni kostiki soda. Inafanya kazi, sikatai. Lakini inayeyusha mafuta bila kuuliza kama ni ya kuku au ya ngozi yako. Ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Na mtoto akiona chupa ya soda, anaona soda.

Halafu jiulize ni nani hupewa hiyo kazi. Si wewe mwenye simu. Ni dada wa kazi, kwa mikono mitupu, dirisha limefungwa, anaambiwa asugue wageni wanakuja. Glavu bei yake ni kidogo kuliko bando lako la kuangalia hizo video. Mnunulie.

Na yule anayeshauri "ongeza Jik ing'ae zaidi": Jik ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini. Hiyo ndiyo gesi Wajerumani waliwapulizia watu vitani Ypres mwaka 1915, mwaka ule ule Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka hapa Voi kwenda kupigana nao upande wa Taveta. Wewe unaitengeneza jikoni Mwakingali ukitafuta laiki.

"Suuza kwa maji mengi," wanasema. Maji gani? Ya Mzima yanatoka Tsavo, kaunti yetu, yanaenda Mombasa kwa bomba, na huku tunabeba mitungi. Kitambaa kilichokamuliwa mara tatu kinatosha ukitumia bikabonati. Kostiki haitosheki hivyo, na mabaki yake yatapikwa pamoja na keki yako.

Nyinyi mnaooka keki za oda kwa oveni ya gesi, angalieni na matundu ya moto huko chini. Mafuta na makombo yakiziba, moto unakuwa wa njano badala ya buluu, na moto wa njano unaweza kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Zibua kwa sindano jiko likiwa baridi na gesi imefungwa. Usipulize dawa yoyote hapo.

Na kama hiyo chupa ya soda isiyo na lebo tayari iko kwenu, usimalize kusoma maoni. Inuka sasa hivi, iandike SUMU kwa maka nene, uipandishe juu kabisa ya kabati.